Tangazo lisilobisha hodi

Juzi mpwa wangu wa miaka sita alikuwa akicheza gemu ya kupaka rangi kwenye simu yangu. Mara likaruka tangazo la kutafuta wapenzi, mwanamke kavaa nguo za ndani tu. Dada yangu akanigeukia: "Si wewe ndiwe mtu wa kompyuta?"

Hakukosea. Runinga za Kenya zimekatazwa mambo ya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Kwenye simu hakuna saa. Lakini AdMob ya Google humwezesha mtengenezaji kutamka kwamba programu yake ni ya watoto, tena achague daraja la matangazo; la chini kabisa, G, ni la rika zote. Ni mistari michache tu! Wapo wenzangu wasioiandika, wakihofia hela kupungua. Halafu mzazi ndiye huambiwa achunge simu.

Gemu nimeifuta. Aliyeitengeneza nimemwandikia, bado hajajibu.