Masharti Kabla ya Muhuri

Ndugu wanachama wengi wametujia dukani wakituuliza habari ya makaa ya mawe ya Lamu. Swali lao ni moja: ikiwa leseni ile ilitolewa na mamlaka yenye haki ya kuitoa, tena ikaandikiwa masharti, imekuwaje ikafutwa? Twaona yatupasa kulieleza jambo hili, kwani yaliyowafika ndugu zetu wa Amu yaweza kukifika kisiwa chochote.

Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 pale Kwasasi, upande wa bara, ng'ambo ya visiwa vya Lamu. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika ya Kusini, hata hapo yale ya Mui, huko Kitui, yatakapochimbwa. Maji ya bahari yangepoza mitambo, na jivu lingelundikwa papo hapo, jirani na maji wanayovulia watu.

Sasa, sheria ilisemaje? Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa watu, atangaze gazetini na redioni, kwa lugha rasmi na ya wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoguswa. Na mikutano hiyo si ya kupeana mikono na kunywa soda. Ni ya kuwaeleza watu madhara ya mradi na kupokea maneno yao, kwa mdomo au kwa maandishi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wakazi wa Lamu walishitaki, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Mazingira liliifuta leseni. Lilisema kuwa mikutano iliyofanywa kabla ya uchunguzi ilikuwa ya utangulizi tu, na baada ya uchunguzi kukamilika wananchi hawakushirikishwa kama inavyotakiwa. Mvuvi angeulizaje juu ya jivu ambalo kiasi chake hakijapimwa? Pia Baraza liliona kuwa sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa.

Masharti yaliyoandikwa nyuma ya leseni hayakuweza kuziba pengo hilo. Sharti ni makubaliano, na makubaliano hayafungwi na mtu asiyekuwapo. Sisi wenyewe tulipata kukata leseni ya ghala la mafuta ya taa katika ofisi moja tusiyoitaja. Tulilipa, tukapewa karatasi yenye muhuri, tukafurahi. Baada ya miezi mitatu tukaletewa masharti, na faini ya kuyavunja ikaja pamoja nayo! Hasara yetu ilikuwa mapipa machache. Ya watu wa Amu ingekuwa bahari.

Wako wanaosema kwamba watu wa visiwani hatupendi maendeleo. Hilo si kweli. Taa twaitaka, na kazi vijana wetu wanaitaka zaidi kuliko taa. Tunachokataa ni kuambiwa bei baada ya bidhaa kufungwa na kutiwa kikapuni.

Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi inayoshughulikia mazingira na ardhi ikaitupa rufaa hiyo. Basi mwenye kuutaka mradi ule hana budi kuanza upya: uchunguzi mpya, matangazo mapya, mikutano mipya. Na siku karatasi hizo zitakapoletwa, tungewashauri ndugu zetu wasikubali muhtasari wa kurasa mbili. Wadai kitabu kizima, kwa Kiswahili, kisomwe barazani kwa sauti, na waanze na mlango wa jivu.