Ng'ombe Hula Zalio Lake. Je, Mzazi Naye Ale?



Mwezi uliopita nilikuwa kwenye josho. Mama mmoja mzee alileta ng'ombe wake watano kuogesha. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Nina neno la kukuuliza, lakini si la ng'ombe." Kisha akacheka. "Au labda ni la ng'ombe pia."

Binti yake anakaa mjini. Ana mimba ya miezi minane. Amesikia kwamba huko Marekani na Uingereza wako akina mama ambao wakijifungua hula kondo la nyuma. Wengine hulipika. Wengi zaidi hulikausha, hulisaga unga, wakautia katika vidonge. Husema linaongeza damu, linaleta maziwa, na linaondoa huzuni baada ya uzazi. Binti anataka kufanya hivyo. Mama alikataa. Binti akamjibu katika simu, "Mama, mbona hata ng'ombe wetu hula?"

Mama akakosa la kusema. "Wewe ndiye unayewajua ng'ombe," akaniambia. "Nimjibu nini mtoto?"

Siku ile nilijibu kwa kifupi, maana ng'ombe wa watu walikuwa wengi wakingoja. Leo najibu kwa urefu. Katika maneno haya nitasema zalio kwa mnyama na kondo kwa mtu, ili tusichanganyikiwe.

Kazi ya zalio ni kumlisha mtoto tumboni. Chakula na hewa safi vinatoka kwa mama, vinapita hapo, vinakwenda kwa mtoto. Uchafu wa mtoto unarudi kwa njia hiyo hiyo. Mtoto akizaliwa, kazi hiyo imekwisha, nalo hutoka.

Ni kweli ng'ombe hula zalio lake. Mbuzi hula, nguruwe hula, mbwa na paka hula. Kwa mbwa si ajabu, ni mla nyama. Lakini ng'ombe ni mla majani. Kwa nini ale nyama siku hiyo moja? Wataalamu wametoa sababu mbalimbali. Wengine husema anaficha harufu ya damu, ili fisi na simba wasije kumla ndama. Wengine husema ni njaa ya uchovu wa kuzaa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Kristal wa Chuo Kikuu cha Buffalo, alichunguza panya kwa miaka mingi. Aliona kwamba panya akila zalio, maumivu ya kuzaa hupungua.

Lakini ngamia hali zalio lake. Hata kumlamba mtoto wake halambi. Na watoto wa ngamia wanakua vizuri. Kwa hiyo hata wanyama wenyewe hawafuati desturi moja. Binti akitaka kufuata mfano wa wanyama, kwanza atuambie ni mnyama gani.

Tena kuna jambo ambalo binti yule halijui. Mimi mwenyewe simwachi ng'ombe ale zalio. Likianguka tu, naliondoa. Zalio ni kubwa na lina utelezi, na ng'ombe hana meno ya kukata nyama. Hulimeza kama kamba. Niliwahi kuitwa usiku kwa ng'ombe aliyekabwa nalo. Tulipofika alikuwa ametoa ulimi na macho yamemtoka. Tulilivuta, akapona. Bila kuwahi angekufa, na ndama angebaki yatima.

Wako wafugaji wanaosema zalio linaleta maziwa. Maziwa ya ng'ombe yanaletwa na majani mazuri, maji ya kutosha, na ndama anayenyonya. Mpe maji mengi mara anapozaa. Huyo ana kiu kuliko njaa.

Zalio huanguka lenyewe ndani ya saa 12. Likipita saa 24 bila kuanguka, mwite mtaalamu wa mifugo. Usilivute kwa nguvu. Usilifunge jiwe. Najua wengi hufanya hivyo, na wengine walifundishwa na baba zao. Likikatika, kipande kinabaki ndani na kuoza. Ng'ombe atapata homa, maziwa yatapungua, na huenda asishike mimba tena.

Sasa msomaji, hapa naomba usome polepole. Ng'ombe akitupa mimba, hasa mimba ya miezi mitano na kuendelea, usiguse kitu chochote kwa mikono mitupu. Wala usiwatupie mbwa. Huenda ng'ombe huyo ana ugonjwa wa kutupa mimba, ambao madaktari huuita brusela. Vijidudu vyake hujaa kwenye zalio na kwenye maji ya uzazi. Mahali penye kivuli na unyevu vinaweza kuishi kwa miezi. Mbwa akila, atavipeleka malishoni na kwa jirani.

Ugonjwa huu humpata mtu pia. Homa inakuja na kuondoka. Jasho jingi usiku. Viungo na mgongo vinauma. Wanaume wengine huvimba korodani. Mtu humeza dawa za malaria mara tatu, mara nne, na hapati nafuu, kwa sababu si malaria. Mama mjamzito akiupata, mimba inaweza kuharibika. Kwa hiyo mama mjamzito asiwe mkunga wa ng'ombe wala mbuzi. Nimeona nyumba ambayo baba amekaa kivulini, na mkewe mwenye mimba ndiye anayevuta mtoto wa mbuzi. Jambo hilo linanikasirisha, nasema wazi.

Tena wanyama wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, hasa baada ya mvua kubwa, toa habari siku hiyo hiyo. Huenda ni Homa ya Bonde la Ufa. Ilipoingia Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007 iliua mifugo mingi, na watu pia walikufa. Wengine waliipata kwa kushika damu na mimba zilizotupwa.

Vaa mipira ya mikono. Kama huna, tumia mifuko ya nailoni isiyo na tundu. Chimba shimo refu, fukia, na tia chokaa juu kama ipo. Kisha nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Turudi kwa binti. Mimi si daktari wa watu, lakini habari hizi zimechunguzwa na wenyewe Wamarekani. Mwezi Septemba mwaka 2016, katika jimbo la Oregon, mtoto mchanga aliugua vijidudu katika damu. Akatibiwa hospitali, akapona, akarudi nyumbani. Baada ya siku chache akaugua tena. Madaktari wakauliza, wakaambiwa mama anameza vidonge vya kondo lake, viwili kila mara, mara tatu kwa siku. Vidonge vikapimwa. Vilikuwa na vijidudu vile vile. Mtoto alitibiwa tena akapona. Mwaka 2017 Kituo cha Marekani cha Kuzuia Magonjwa kikaandika kwamba vidonge hivyo viepukwe, kwa sababu namna ya kuvitengeneza haiui vijidudu kwa uhakika.

Je, damu inaongezeka? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Las Vegas, walijaribu kwa akina mama 23. Wengine walipewa vidonge vya kondo lao. Wengine walipewa vidonge vya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, bila kujua wamepewa vipi. Mwishowe madini ya chuma mwilini mwao hayakupishana kwa maana. Mimi niliposoma habari hiyo nilicheka. Kumbe ng'ombe alikuwamo katika jambo hili tangu mwanzo, lakini kama nyama!

Na maziwa? Kondo likiwa tumboni ndilo linalozuia maziwa yasitoke kwa wingi. Likitoka, maziwa huanza kuja. Kinachoyaongeza baada ya hapo ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana.

Huzuni ya mzazi ni kitu cha kweli, wala si deko. Mzazi akilia kila siku, akikosa usingizi hata mtoto amelala, au akimkataa mtoto, apelekwe kwenye kituo cha afya. Asiachwe peke yake.

Nilimwambia yule mama ampelekee binti dagaa, maharage na mboga za majani kama mchicha na matembele. Aweke na machungwa au malimau, maana husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai asinywe pamoja na chakula, bali baadaye. Maini akipata, ale baada ya kujifungua. Na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki asiviache siku ya kujifungua. Amuulize muuguzi aendelee kwa muda gani.

Zaidi ya yote, ajifungulie kwenye kituo cha afya au hospitali. Kondo la mtu hutoka kwa kawaida ndani ya nusu saa. Lisipotoka, au likibaki kipande, damu inaweza kumwagika mpaka mzazi akafa. Mkunga mwenye ujuzi huligeuza na kulitazama kama limetoka lote. Kulitazama huko kuna faida kuliko kulila.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuoga na wanatiririka dawa. Akaniuliza, "Na kama wauguzi wakitupa tulichukue? Sisi huzika shinani mwa mgomba."

Nikamwambia mgomba hauna neno, mradi wavae mipira ya mikono, na shimo lichimbwe mbali na kisima, refu kiasi cha kumshinda mbwa.

"Mbwa wetu ni mchimbaji sana," akasema.

"Basi mama, chimbeni mpaka kiunoni."