Majini ya Kwenye Kioo



Mwezi uliopita, kabla ya sala ya Isha, tuliwatuma vijana wawili wa chuo chetu hapa Mombo wakachote maji ya kutawadhia. Walirudi mbio, ndoo tupu. Tulipowauliza, walisema wamekutana na bibi mmoja jirani, na macho yake mekundu kama ya mwanamke jini wa ule mchezo wa televisheni wautazamao kila wiki. Mmoja akakiri kwamba juzi yake walikuwa wamemtupia mawe.

Ndugu zetu, bibi yule amepika kwa kuni umri wake wote. Wekundu wa macho yake ni moshi, si uchawi. Tuliwachukua vijana pamoja na baba zao, tukaenda kumtaka radhi. Akasamehe, akauliza neno moja tu: "Wajukuu zangu, nani aliyewafundisheni kuniogopa?" Swali hilo ndilo lililotushikisha kalamu.

Jambo hili si la mchezo. Katika nchi yetu, khasa pande za Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilizuka Pemba, ikaingia Unguja, ikavuka hadi Dar es Salaam. Watu wakakesha nje ya nyumba zao makundi makundi. Khofu ile ilienea kwa midomo. Leo khofu imepewa sura, sauti na ngoma, nayo imeingia mpaka chumba wanacholala watoto.

Hatukanushi kuwapo kwa majini. Sura ya 72 ya Qur'ani Tukufu ina jina lao, na humo twajua kwamba wapo walioamini na wapo waliokengeuka. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Surat Sabaa, yatueleza kwamba Nabii Sulayman alikufa hali ameegemea fimbo yake, nao majini wakaendelea kumfanyia kazi ngumu, mpaka mdudu alipoila fimbo naye akaanguka. Hapo ikabainika kwamba hawaijui ghaibu. Kiumbe asiyetambua kuwa bwana wake amekwisha kufa, yafaa tumwogope kuliko Muumba wake?

Michezo hii hugeuza mambo. Tangu filamu ya "Shumileta" ya mwaka 2005 hadi mifululizo ya leo, jini huonyeshwa kuwa na nguvu zisizo mpaka, na mara nyingi mwokozi huwa mganga na vibuyu vyake. Mtoto hujifunza kwamba dawa ya khofu ni kwenda kupigiwa ramli. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitahadharisha kwamba amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, hazikubaliwi sala zake siku arobaini.

Wala hatusemi kila mchezo ni mbaya. Mwaka 1966 Wamarekani walianza kuonyesha "Star Trek", hadithi ya watu wasafirio baina ya nyota. Na mwaka 1969 binadamu alikanyaga mwezi kweli. Mtoto aulizaye habari za nyota baada ya kutazama hadithi kama hiyo, mpe kitabu cha elimu, kwani tumeamrishwa kuzitazama mbingu na kuzingatia.

Basi enyi wazazi, msiwaachie watoto kioo peke yao. Kaeni nao. Waonyesheni kwamba damu ile ni rangi na meno yale ni ya bandia. Wasomeni pamoja Ayatul Kursiyyu, Falaq na Nas kabla ya kulala. Na zaidi ya yote, wafundisheni kumwamkia kila mzee wanayepishana naye njiani, kwani ni vigumu kumtupia jiwe mtu uliyemwambia "shikamoo" asubuhi.

Vijana wale sasa humchotea bibi maji kabla ya kutuchotea sisi. Nasi twaridhika kungoja.

Wallahu aalam.