Kabla ya kununua spika kubwa, tazama pembe za chumba

Kutoka Kolwezi hadi Fungurume, kijana akipata mshahara wa kwanza wa mgodini hununua spika. Akipata wa tatu, hununua kubwa zaidi, kwa sababu ile ya kwanza "haitoi besi vizuri". Hapa Tenke nimezisikia nyingi, na kwa maoni yangu spika hazina kosa. Kibovu ni chumba.

Vyumba vyetu tunavijua: kuta za tofali, sakafu ya saruji, bati juu. Hakuna kinachomeza sauti. Waya mnene wa gita la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4 na kidogo, nusu ya wimbi hilo inaenea sawasawa kati ya kuta mbili, nalo linarudi na kujijenga. Noti hiyo inanguruma na kuzifunika nyingine. Aliyeegemea ukuta anasikia besi kupita kiasi, aliyeketi katikati karibu anaikosa. Spika kubwa inazidisha ugonjwa huo.

Wengi hukimbilia trei za mayai. Karatasi ile haimezi besi hata kidogo, na katika nyumba inayowasha mishumaa kila umeme ukikatika, hizo ni kuni zilizobandikwa ukutani. Sponji nyembamba ya godoro humeza sauti za juu tu, nayo pia hushika moto upesi.

Besi inataka unene. Fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, ijazwe sufu ya mawe, ambayo haishiki moto, ifunikwe kitambaa kinachopitisha pumzi, isimamishwe pembeni kutoka sakafu hadi juu. Pembeni ndiko besi inakojikusanya. Kwa kuta za kando, mtu atembeze kioo ukutani wewe ukiwa umeketi. Unapoiona spika kiooni, weka paneli hapo. Seremala wa mtaa anaiweza kazi hiyo.

Wako watakaosema hii ni anasa. Lakini mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, jirani zetu kabisa. Gita moja tu: kidole gumba kinatembeza besi, kidole kingine kinazungumza juu yake. Katika chumba kinachonguruma, mazungumzo hayo yanakuwa kelele moja, na mtoto wa Lualaba anakua bila kujua babu zake walipiga nini hasa.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: paneli hizi hazizuii sauti kutoka nje. Sauti huzuiwa na uzito, na bati halina uzito wowote. Baba wa nyumba ya pili aliyerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku bado anategemea mkono wako kwenye kitufe cha sauti.