Si Stima Imeua Balbu Yako

Wasee, tuache uongo. Balbu ikizima hapa Kitale, kila mtu anasema "stima ya huku ni mbaya." Mwenye duka anasema, landilodi anasema, hata fundi. Stima inapanda na kushuka, sikatai. Lakini balbu nyingi zinakufa vile zilivyoundwa kufa.

Mwezi wa kwanza nilinunua balbu ya LED ya wati 9 hapa Kitale, nikampelekea shangazi Bungoma. Anauza chipsi usiku pale Kanduyi, na kibanda kikiwa giza hakuna mteja anasimama. Boksi liliandikwa saa 25,000. Piga hesabu: saa 5 kila usiku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Ilikaa wiki 11.

Nikaifungua. (Usijaribu ikiwa kwa holda, sahani ya ndani inaweza kukurusha na volti 240.) Kulikuwa na vidonge 14 vya njano. Kimoja kilikuwa na doti nyeusi katikati. Fundi akapima vingine 13, vyote vizima!

Sasa skiza. Diodi moja ya samawati inataka karibu volti 3. Stima ya ukutani ni volti 240, na ikishanyooshwa, kilele chake kinafika karibu 340. Kwa hivyo wanaunganisha diodi 6 kwa mfululizo ndani ya kidonge kimoja, kinakuwa cha volti 18. Mara 14, uko na volti 252. Hiyo ndiyo chipu ya volti kubwa (si chipsi, shangazi alinicheka sana). Na manze, ni akili safi: volti ikiwa kubwa, mkondo unakuwa mdogo, huhitaji transfoma, saketi inakuwa ndogo na rahisi. Naiheshimu.

Shida ni kwamba diodi 84 zimeshikana mikono kwa laini moja. Moja ikiachilia, zote giza. Wangeweka laini mbili, ungebaki na nusu ya mwanga na shangazi angemaliza kuuza. Halafu badala ya kuweka chipu nyingi na kuzipitishia mkondo kidogo, wanaweka chache wanazikamua, juu ya bati jembamba la alumini lisilotoa joto vizuri. Zinajipika zenyewe.

Na usiniambie haiwezekani. Mwaka 2016 Philips walitoa balbu kwa makubaliano na manispaa ya Dubai: diodi nyingi, mkondo mdogo, lumeni 200 kwa kila wati. Mwanzoni iliuzwa Dubai tu. Kwa hivyo ujuzi uko, ni sisi tunauziwa ile ya kutupa.

Komenti nazijua. "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, rudi darasani." Sawa, niliacha. Lakini 14 mara 18 haitaki digrii. Mwingine atasema nunua ya bei. Ya bei gani, na boksi zote zinaandika saa zilezile? Hiyo namba hata haisemi balbu ilipimwa kwa joto gani.

Mimi nataka boksi liseme vitu vitatu: diodi ngapi, laini ngapi, na joto la sahani baada ya saa moja. Kama unauza balbu Kitale au Bungoma na una uhakika na yako, niletee mbili. Moja nitaifungua laivu. Ya pili itawaka Kanduyi, na kila Jumapili nitawaonyesha kama bado iko.