Kamera Ghali, Maneno Makavu

Filamu mpya ya Kiswahili inapotangazwa, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Muscat au London, swali linalotangulia mengine huwa moja: imepigwa kwa kamera gani? Likitajwa jina la ARRI au RED, filamu hupewa heshima hata kabla ya kutazamwa. Lisipotajwa, huhesabiwa kuwa kazi ya wanagenzi. Swali hilo linaonekana dogo, lakini madhara yake ni makubwa. Linachota fedha kutoka kwa mwandishi, mwigizaji na mrekodi sauti na kuzimimina kwa mkodishaji wa vifaa. Kisha watazamaji hushangaa kuona picha inang'aa ilhali wahusika wanazungumza Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kukisikia barazani wala sokoni.

Kamera zenyewe hazina budi kutendewa haki. Kwa miongo mingi, kadi ambazo Kodak ilizituma kwenye maabara kuwa kipimo cha rangi zilibeba sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikabaki doa lisilo na umbo pembeni mwa picha. Sensa ya kisasa, yenye uwezo mpana wa kunasa mwanga mkali na kivuli kizito kwa pamoja, imesaidia kuondoa dhuluma hiyo. Moonlight ya mwaka 2016, iliyopigwa Miami kwa kamera ya Alexa, ni ushahidi tosha: nyuso za Waafrika wa Marekani zinaonekana zikiwa na kina, jasho na rangi zake zote. Hata hivyo, sensa haikuifanya kazi hiyo peke yake. Mpiga picha James Laxton aliamua kuacha upande mmoja wa uso uzame gizani badala ya kuumulika wote. Kamera ilimwezesha, uamuzi ulikuwa wake. Kamera hiyohiyo, ikiwekwa mbele ya taa zilizotegwa ovyo, hutoa uovyo ulio wazi zaidi.

Lipo pia suala la gharama. RED One ilipoingia sokoni mwaka 2007 kwa dola 17,500, wengi waliamini kwamba mlango wa sinema sasa uko wazi kwa maskini. Bei hiyo ilikuwa ya mwili wa kamera tu. Lenzi, betri, kadi, kioo cha kutazamia na miguu ya kuisimamishia vilidai malipo yake, na hali haijabadilika. Alexa 35, iliyotoka mwaka 2022, ikirekodi picha ghafi kwa kiwango chake cha juu, hujaza terabaiti moja kwa takriban nusu saa. Faili hizo lazima zinakiliwe mara mbili au tatu kabla kadi haijafutwa, na lazima awepo mtu mwenye ujuzi wa kuzilinda. Kwa filamu yenye mfuko mdogo, kila siku ya kukodi mtambo wa namna hiyo ni siku kadhaa za mazoezi ambazo waigizaji wamenyimwa.

Watetezi wa kamera ghali hujibu kwamba soko ndilo linalodai. Hutoa mfano wa Netflix, ambayo kwa kazi inazozigharimia yenyewe hutaka kamera zenye sensa ya 4K. Hoja hiyo inajipinga yenyewe. Sharti hilo liliziacha nje Alexa za awali, zile zilizopiga Skyfall na Moonlight, kwa sababu sensa zake hazikufikia idadi ya nukta iliyotakiwa. Kipimo kinachoifungia mlango kamera iliyotoa kazi za namna hiyo hakipimi sinema, kinahesabu nukta. Isitoshe, leo sharti hilohilo linatimizwa na Sony FX3, kamera ya takriban dola 4,000 inayoshikika kwa mkono mmoja. Ndiyo iliyopiga The Creator ya mwaka 2023, filamu iliyogharimu takriban dola milioni 80. Waliokuwa na uwezo wa kukodi chochote walichagua kamera ndogo.

Sean Baker naye alipiga Tangerine, iliyooneshwa Sundance mwaka 2015, kwa simu za iPhone 5s katika mitaa ya Los Angeles. Baadaye akapiga The Florida Project kwa ukanda wa milimita 35. Hakuna ukinzani hapo: hadithi ndiyo iliyoamua chombo. Jambo linalosahauliwa na wanaopenda kuitaja Tangerine ni kwamba sauti yake haikurekodiwa kwa simu. Ilirekodiwa kwa vifaa vya kitaalamu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodai haki yake. Neno “haya” laweza kukubali, kutisha, kuaga au kufunga ugomvi. Kinachotofautisha ni mkazo, pumzi na kimya kinachofuata. Lafudhi ya Unguja si ya Mombasa, wala ya Mombasa si ya Lubumbashi, na mtazamaji humtambua mhusika kwa sikio kabla ya jicho. Hakuna sensa inayonasa hayo. Hunaswa na maikrofoni iliyo karibu na kinywa cha mwigizaji aliyeyaelewa maneno ya mwandishi aliyelipwa. Si ajabu kwamba Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyofika Toronto mwaka 2021, ilisimama juu ya riwaya ya Adam Shafi: kabla ya kamera kuwashwa, lugha ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi.

Wanaochangia filamu za Kiswahili kutoka ughaibuni wana sababu ya kubadili swali, kwa kuwa watoto wao wengi huisikia lugha ya wazazi kupitia skrini kuliko kupitia mtaa. Waulize ni nani aliyeandika mazungumzo, waigizaji wamepewa siku ngapi za mazoezi, na ni nani atakayeshika kinasa sauti. Wakijibiwa kwa jina la kamera, mikoba yao na ibaki imefungwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.