TAHARIRI: FUNUNU, USINGIZI NA DAFTARI LA SHULE



Katika toleo hili tulikusudia kuandika juu ya ada za mwezi na wale wanaochelewa kuzilipa. Habari hiyo itangoja. Limetokea jambo ofisini kwetu ambalo limetutia haya, na ni afadhali tuliseme wenyewe kabla ya kusemwa na wengine.

Mwezi uliopita mwanachama mmoja wa zamu ya usiku alikuja ofisini ameshika kifua. Alisema moyo wampiga mbio hata akiwa ameketi, mikono yatoka jasho, na kwa muda wa majuma matatu hajalala zaidi ya saa tatu kwa siku. Alikuwa amekwisha kwenda hospitali. Alipimwa, akaambiwa moyo wake hauna ugonjwa wowote. Badala ya kufurahi aliona aibu zaidi, maana alidhani sasa watu watamwona mwongo. Na hapo ofisini akajibiwa, "Mzee mzima unaogopa nini? Jikaze." Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Siku nne baadaye alisinzia kwenye mashine, na kama mwenzake asingalizima swichi upesi, angalipoteza mkono.

Aliyemjibu hivyo ni mwandishi wa tahariri hii.

Basi tulimwendea nyumbani kwake Langas, tukaketi naye tukamsikiliza, jambo ambalo lilitupasa tangu siku ya kwanza. Kumbe alikuwa amesikia fununu kwamba kuna orodha ya watakaopunguzwa kazi na kwamba jina lake ni la tatu. Hakumwuliza mtu. Alikuwa na mkopo wa ushirika, mikopo miwili ya simu, na karo ya mtoto wa sekondari. Mke wake alijua siku nyingi kwamba kuna jambo, ila yeye alidhani ni mwanamke mwingine.

Kabla ya kumcheka mtu wa namna hii, yafaa tujue mwilini mwake kuna nini. Mwili ukiona hatari hujitayarisha kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio ili damu ifike miguuni, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Katika mji huu wa wakimbiaji jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Kijana anayefanya mazoezi asubuhi kwenye barabara ya Iten, moyo wake wapiga vivyo hivyo, lakini yeye anayo njia ya kukimbilia, na akimaliza hupumzika. Mwenzetu alikuwa anakimbia usiku kucha akiwa amelala kitandani. Hiyo si hila, wala si uoga. Ni mwili unaofanya kazi yake mahali pasipo na adui wa kumshika.

Tena tusisahau kwamba Eldoret imefundishwa kuogopa fununu. Wengi wetu tulikuwapo Januari 2008 baada ya ule uchaguzi, neno lilipopita mtaa kwa mtaa na watu wakakimbia makwao, maelfu wakalala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho. Na wazee wetu wa viwandani wanakumbuka Rivatex ilivyoanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, ingawa Chuo Kikuu cha Moi kilikuja kuinunua mwaka 2007. Mtu aliyepita katika mambo hayo akisikia watu wananong'ona karibu na lango la kiwanda, hawezi kuambiwa tu kwamba asijali.

Tulifanya nini? Tulimpa daftari la shule la kurasa 32 na kalamu, tukamwomba aandike kila linalomtisha, kubwa na dogo, bila kupanga. Aliandika mambo 9. Kisha tukapiga mstari katikati ya ukurasa mwingine. Upande mmoja tukaweka yale ambayo mtu aweza kuyafanyia jambo juma hili, upande wa pili yale ambayo hayamo mikononi mwake. Yaliyokuwa 9 kichwani, na usiku yakawa kama 90, yaligawanyika: 5 huku na 4 kule.

Lile kubwa la kwanza lilikuwa orodha. Hapa ndipo chama kinapofaa kuliko dawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri hawezi kupunguza wafanya kazi ambao ni wanachama wa chama bila kukiarifu chama na ofisa wa kazi, akieleza sababu na kiasi cha upunguzaji, kwa muda usiopungua mwezi mmoja kabla. Hana ruhusa ya kuchagua watu kwa chuki, maana yampasa aangalie muda wa utumishi, ustadi na uaminifu wa kila mmoja. Naye anayeondolewa hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tulifungua faili mbele yake. Hakuna barua iliyofika. Hatusemi kwamba haitafika kamwe, lakini majuma matatu ya kukesha yalikuwa kwa ajili ya karatasi isiyokuwapo.

Mambo mengine ya upande huo yalikwenda pole pole. Alikwenda kwenye ushirika kabla ya kushindwa kulipa, akaomba muda wa marejesho uongezwe. Alimwona mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa. Akamwambia mama watoto habari yote, na hilo, asema mwenyewe, lilikuwa gumu kuliko kuingia ofisi yoyote.

Yakabaki yale 4 yasiyo na mlango wa kubisha, kama bei ya unga na afya ya mama yake mzee. Kwa hayo kuna njia ndogo ndogo ambazo mtu aweza kuzitumia bila gharama, nazo zimejaribiwa.

Ya kwanza ni pumzi. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, tumbo litanuke, kisha itoe taratibu ukihesabu 6. Fanya hivyo kwa dakika 5. Pumzi ndefu ya kutoka huufahamisha mwili kwamba mbio zimekwisha, na moyo hupunguza mwendo. Usifanye hivyo huku umefumba macho mbele ya mashine! Ondoka kwanza, au fanya wakati wa chai. Aliye kazini na hawezi kuondoka, na akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje moyoni vitu 5 anavyoviona. Kichwa kikirudi chumbani, hofu hupungukiwa na nafasi.

Ya pili ni kuupa wasiwasi saa yake. Chagua nusu saa moja, kwa mfano saa kumi na moja jioni, ukae na daftari uwaze kwa makusudi. Wazo likija saa nane za usiku, liandike neno moja na uliambie lingoje hiyo saa kumi na moja. Twajua jambo hili lasikika kama mchezo wa watoto, nasi tulicheka. Lakini akili haipendi kuambiwa "usiwaze", bali hukubali kuambiwa "baadaye".

Juu ya vinywaji tutasema kwa ufupi, kwa kuwa hakuna anayependa kuhubiriwa. Chai nzito na kahawa vina dawa ya kuamsha ambayo hukaa mwilini saa nyingi. Baada ya saa 5 hivi, kiasi cha nusu bado kimo. Miraa ni hivyo hivyo. Busaa na chang'aa humlaza mtu upesi kisha humwamsha usiku wa manane, na asubuhi wasiwasi huwa umeongezeka, pamoja na deni la kilabuni. Anayetembea kwa miguu nusu saa, hata kama ni kutoka kazini hadi Huruma, atapata usingizi bora kuliko huo.

Lakini mambo haya mtu akiyafanya peke yake huchoka nayo. Huko Harare, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mtu kuchagua tatizo moja tu na kupanga hatua moja. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi walikuwa na nafuu zaidi ya wengine. Na hapa kwetu, Nairobi, njia ya Shirika la Afya Duniani inayofanana na hiyo, yenye pumzi na mpango wa kutatua matatizo, ilijaribiwa kwa wanawake 421, matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Waliofundisha hawakuwa madaktari bali watu wa mtaani waliopewa mafunzo. Kama bibi wa Harare aweza, mjumbe wa kiwandani naye aweza.

Neno kwa waajiri. Siku hizi wapo wanaoita semina juu ya utulivu wa akili, wakagawa soda, na mishahara ya mwezi uliopita bado haijalipwa. Pumzi ni yetu, tutaivuta wenyewe. Wao walipe kwa wakati, wabandike habari za kazi ukutani ili fununu zife, na wasimwite kibarua mtu aliyefanya kazi mfululizo miezi mingi, kwa maana kifungu cha 37 cha sheria ile ile kinamlinda.

Nasi wajumbe tujue mipaka yetu. Mtu akikosa usingizi kwa majuma mengi, asipoweza kula wala kufanya kazi, au akisema kwamba afadhali afe, daftari halitoshi. Asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo hospitali, na hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Moi inao madaktari wa akili. Asiogope kushtakiwa kwa kusema ukweli, maana Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba.

Mwenzetu amerudi kazini, na zamu yake imebadilishwa kuwa ya mchana. Bado kuna siku moyo humwenda mbio, lakini sasa hujua ni nini.

Kuanzia Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, wataketi kwenye benchi lililo nyuma ya ofisi yetu. Yatakayosemwa hapo hayataingia katika kitabu cha ofisi. Madaftari yapo. Mwandishi wa tahariri hii atakuwapo Alhamisi hiyo, naye ameagizwa na Kamati asikilize zaidi ya kusema. Habari ya ada za mwezi itafuata katika toleo lijalo.